Istilahi za Ngozi na Usukani: Kuvika Mishikio ya Pikipiki

1. Utangulizi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo kwa njia ya pwani hupita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, na karibu katika kila njia panda huwakuta madereva wa pikipiki wakingoja abiria. Safari yenyewe ni ya kiasi cha kilomita 75, lakini dereva anayeingia na kutoka katika vijia vya mashambani na vya ufukweni kutwa nzima huenda akaumaliza mwendo huo zaidi ya mara moja kwa siku, na muda wote huo mikono yake imo katika usukani.

Mikono hiyo hupata tabu. Jua la pwani huufanya mpira wa mahali pa kushikia unate, kisha upasuke. Jasho la kiganja huufanya uteleze. Njia mojawapo ya kuiondoa tabu hiyo, ambayo inajulikana katika nchi nyingi zenye pikipiki, ni kupavika ngozi mahali hapo. Kazi hii haihitaji kiwanda. Fundi viatu yeyote mwenye kipande cha ngozi, uzi na chombo cha kutobolea anaweza kuifanya chini ya mwembe, nayo huchukua muda mfupi kuliko kushona jozi ya makubazi.

Makala haya hayakusudii kumfundisha fundi kazi yake. Nia yetu ni kuyachungua maneno ambayo mfasiri, mwalimu wa ufundi au mtumishi wa serikali atayahitaji pindi atakapotakiwa kuieleza kazi hiyo kwa Kiswahili: katika kitabu cha maelekezo, katika somo la darasani, au katika tangazo la usalama barabarani. Tumeichagua kazi ndogo kwa makusudi. Katika kazi ndogo kama hii upungufu wa istilahi huonekana upesi, na kama tutakavyoona, madhara yake si madogo hata kidogo.

2. Sentensi moja na hatari yake

Tuchukulie kwamba mfasiri ameletewa ukurasa wa maelekezo, naye akaandika sentensi hii:

"Funga mpini wa kulia kwa ngozi mpaka mwisho, kisha uukaze sawasawa."

Kwa sarufi sentensi hii haina kasoro. Mwalimu wa lugha asingeitia kalamu nyekundu. Lakini fundi akiifuata neno kwa neno, anaweza kumtia dereva katika ajali. Ili msomaji atuelewe, hatuna budi kueleza kwanza jinsi usukani wa pikipiki unavyofanya kazi.

Pikipiki zilizo nyingi zina mahali pawili pa kushikia. Pa kushoto pamekazwa juu ya bomba la usukani, wala hapazunguki. Pa kulia hapakukazwa. Chini ya mpira wake mna mwanzi mwepesi, aghalabu wa plastiki, uliovishwa juu ya bomba na kuungwa na waya uendao kwenye mtambo. Dereva akiuzungusha mwanzi huo kuelekea kwake, mafuta huongezeka na mwendo hukua. Akiuachia, springi huurudisha mahali pake na mwendo hupungua. Usalama wa chombo umesimama juu ya jambo hilo moja: kwamba mwanzi ukiachiwa, utarudi wenyewe.

Sasa turejee kwenye sentensi yetu. Neno "funga" lina maana ya kuunganisha kitu na kitu kwa kamba, na pia maana ya kukizuia kitu kisiende. Maneno "mpaka mwisho" yanamwambia fundi asibakize nafasi, ilhali ngozi ikifika kwenye kisanduku cha swichi itagusana nacho na kuuzuia mwanzi usizunguke. Neno "kaza" likiongezwa juu ya hayo, fundi mtiifu ataukaza mwanzi pamoja na bomba. Dereva ataongeza mwendo akipanda kilima, na atakapofungua kiganja chake kwenye mteremko, mwendo hautapungua. Kosa hilo halitakuwa la fundi. Litakuwa la maneno aliyopewa.

3. Tutafute wapi maneno?

Lugha yetu imevipa vyombo vya barabarani majina kwa njia mbalimbali. "Pikipiki" ni mlio wa chombo chenyewe. "Bajaji" ni jina la kampuni ya India iliyogeuzwa kuwa jina la chombo. "Bodaboda" ilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, pande za Busia, katika miaka ya 1960, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakivusha abiria. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka lilirudiwa mara mbili, likavuka mipaka mingine, likawa letu. Majina haya hayakutungwa na kamati yoyote, na hayana haja ya kurekebishwa.

Lakini jina la chombo ni jambo moja, na majina ya viungo vyake na ya vitendo vinavyofanywa juu ya viungo hivyo ni jambo jingine. Hapo ndipo mfasiri anapokwama, na hapo ndipo wengi hukimbilia kukopa. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, wanaistilahi wetu wamezoea kuanza na Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu na lugha nyingine za Kiafrika, kabla ya kubisha hodi kwa wageni. Utaratibu huo ni mwema, ila mara nyingi hutekelezwa mezani, kwa kufunua kamusi. Sisi tunapendekeza kwamba kwa kazi za mikono tuanze na kazi za mikono zilizokwisha kuwapo: tuwaulize wajenzi wa majahazi, washona viatu, wawamba ngoma na wajalidi vitabu wanasemaje.

Pwani ya Bagamoyo ni mahali pafaapo kwa utafutaji huo. Padri Charles Sacleux, mmisionari Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, alikusanya huku maneno mengi ya pwani na ya lahaja zake, na kamusi yake ikachapishwa Paris mwaka 1939. Mwaka huo huo ilitoka pia kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson. Vitabu hivyo viwili vina maneno mengi ya mafundi ambayo watungaji wa istilahi wa leo hawayafikirii, kwa kuwa hawakuyasikia shuleni.

4. Usukani, kana na mshikio

Neno "usukani" lilikuwa la baharini kabla ya kuwa la barabarani. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilitaja ubao wa nyuma wa chombo unaokiongoza majini. Gari lilipokuja, neno likapanda nchi kavu. Baiskeli na pikipiki zikafuata. Kwa hiyo bomba lote lile lililopinda, ambalo dereva wa pikipiki hulishika kwa mikono miwili, ni usukani, na hapana haja ya kulitafutia jina jingine.

Manahodha walikuwa na neno la pili. Mti unaotiwa kichwani mwa usukani wa jahazi, ambao ndio ushikwao na mkono wa mshika usukani, huitwa "kana". Tungeweza kushawishika kuliita jina hilo hilo lile pindo la usukani wa pikipiki linalovikwa mpira. Hata hivyo hatupendekezi hivyo. Kana ni mti mzima unaougeuza usukani, na kazi yake ni kazi ya wenzo. Mahali pa kushikia ni sehemu tu ya mti huo. Zaidi ya hayo, mabaharia wangali wakilitumia neno lao, na si vema kulinyang'anya.

Neno "mpini" nalo halifai. Mpini ni wa jembe, wa shoka, wa kisu na wa upanga: upande mmoja una chuma, upande wa pili una mkono, na baina yao hapana kinachozunguka. Anayesoma "mpini wa kulia" hapati dokezo lolote kwamba kitu hicho kinatakiwa kizunguke.

Tunapendekeza neno "mshikio", wingi "mishikio", kwa maana ya sehemu ya mwisho ya usukani ishikwayo kwa kiganja. Neno "kishikio" libaki kwa vitu vidogo, kama vile vya milango, mitoto ya meza na vikombe. Kisha mishikio yenyewe ibainishwe kwa kazi yake. Wa kushoto uitwe "mshikio tuli", kwa kuwa hauzunguki. Wa kulia uitwe "mshikio wa mwendo". Ule mwanzi uliomo ndani yake wengine wangeuita "mwanzi wa mafuta", lakini msomaji angedhani ni mpira unaopitisha mafuta kutoka kwenye tangi. Afadhali "mwanzi wa mwendo". Neno "mwanzi" lenyewe ni la zamani kwa maana ya kitu chenye tundu kutoka mwisho hadi mwisho, na kila mtoto wa pwani aliyepata kupiga filimbi ya mwanzi analielewa.

5. Ngozi gani?

Neno la pili linalodanganya katika ile sentensi yetu ni "ngozi". Kwa Kiswahili ngozi ni ya mtu aliye hai, ya ng'ombe aliyechunwa jana, na ya kiatu kilichotoka kiwandani. Lugha nyingine zina maneno mbalimbali kwa hali hizo. Sisi tunalo moja, na hilo si aibu, mradi tulipe kivumishi panapohitajika.

Bagamoyo ni mji wa ngoma. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa huko mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kimefundisha vijana wengi kupiga ngoma. Yeyote aliyeiona ngoma ikiwambwa anajua kwamba ngozi yake haikutiwa dawa. Huwambwa ikiwa imelowa, ikikauka hujivuta na kukaza, na hewa ya unyevu ikiingia hulegea, ndiyo sababu wapigaji huipasha moto kabla ya mchezo. Hiyo ni "ngozi mbichi", na ubichi hapa si wa siku. Ngozi kavu ya miaka kumi ni mbichi bado ikiwa haikudabighiwa.

"Kudabighi" ndilo neno letu la kuitia ngozi dawa ili isioze na ipate kukunjika. Dawa ya kale ni magome ya miti yenye tanini. Mikoko ya pwani yetu, mkandaa hasa, ina tanini nyingi katika magome yake, na wakati wa utawala wa Wajerumani na wa Waingereza magome ya mikoko yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo. Leo mikoko ni misitu ya hifadhi, haikatwi pasipo kibali. Tanini ya nchini hutoka zaidi katika miti ya miwati ya Njombe. Viwanda vingi hutumia dawa ya kromu badala ya magome. Kwa sababu hiyo tunahitaji majina mawili: "ngozi ya magome", iliyo ngumu kidogo na inayoshika umbo ililopewa ikiwa imelowa, na "ngozi ya kromu", iliyo laini na inayostahimili maji zaidi.

Faida ya ubainifu huu kwa kazi yetu ni dhahiri. Fundi aliyeambiwa "ngozi" tu huenda akatwaa ngozi mbichi, kwa kuwa inapatikana kwa urahisi na inajikaza yenyewe. Siku ya kwanza itakaa vizuri. Siku ya mvua, au baada ya jasho la juma moja, italegea, itateleza juu ya mpira, na baadaye itanuka. Mwongozo unatakiwa useme "ngozi iliyodabighiwa", na ikiwezekana utaje ni ya magome au ya kromu.

6. Kufunga, kuwamba, kujalidi au kuvika?

Sasa tufike kwenye kitenzi, ambacho ndicho kiini cha makala haya. Pwani ina vitenzi visivyopungua vinne vya kukizungusha kitu ngozi, na kila kimoja kina picha yake.

"Kuwamba" ni kuivuta ngozi juu ya kitu chenye uwazi, kama ngoma au kiti, na kuifunga pembeni. Mshikio hauna uwazi wa kuwambwa.

"Kutia alani" ni kukiweka kisu au upanga katika mfuko wake. Ala kazi yake ni kuingiza na kutoa. Ngozi ya mshikio ikitoka wakati wa mwendo ni balaa. Tutanabahishe pia kwamba upanga una ngozi ya namna mbili: ala yake, na ile iliyozungushiwa mpini wake. Kitara za Oman, ambazo zimejulikana kwa muda mrefu katika pwani hii, huwa na mipini iliyozungushiwa ngozi ili isiteleze mkononi. Hiyo ya pili ndiyo ndugu wa kazi yetu.

"Kujalidi" ni kukitia kitabu jalada. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya ngozi, nao ndio uliotupa "mjeledi" pia. Kwa maana lingefaa, kwani jalada hushikamana na kitabu na huguswa kila siku. Lakini leo jalada ni la karatasi zaidi kuliko la ngozi, na msomaji wa kawaida hawezi kulihamisha kutoka kwenye kitabu hadi kwenye pikipiki pasipo kusita. Istilahi inayomsitisha msomaji katika jambo la usalama haifai.

Limebaki "kuvika". Huvikwa mtu nguo, huvikwa kidole pete. Avikwaye hazuiwi kutembea, na vazi huenda pamoja na mwili. Hii ndiyo picha tunayoitaka: ngozi ivikwe mwanzi wa mwendo, izunguke pamoja na mwanzi, wala isiguse kisichozunguka. Fundi aliyeambiwa "uvike mshikio ngozi" hawezi kuelewa kwamba anatakiwa kuufunga mshikio kwenye bomba. Basi "kuvika" ndiyo istilahi tunayoipendekeza kwa kazi nzima. Neno "kufunga" liondolewe kabisa katika maelezo ya mshikio wa mwendo.

Chini ya istilahi hiyo ya jumla kuna njia mbili. Ya kwanza ni "kuzungushia", yaani kuupitisha ukanda mwembamba wa ngozi mzunguko baada ya mzunguko, kila mzunguko ukipanda kidogo juu ya wenziwe. Ya pili ni "kushonea", yaani kukata kipande kimoja cha upana wa mshikio na kuzishona pindo zake zikutane. Katika njia hii ya pili yafaa kutofautisha "mshono wa kukutanisha", ambao pindo zake zinagusana bila kupandana, na "mshono wa kupandanisha". Wa pili huacha tuta linaloumiza kiganja.

Tunafahamu kwamba neno "kava" limeenea mitaani: kava la kiti, kava la simu, kava la usukani wa gari. Hatuna ugomvi nalo. Litumike kwa kitu kilichotengenezwa tayari, ambacho mtu hununua akakivisha na kukivua apendapo. Ngozi iliyoshonewa mahali pake na isiyovuliwa iitwe "ngozi ya mshikio", kama vile tusemavyo "ngozi ya ngoma".

7. Zana za fundi

Zana za kazi hii zina majina ya zamani yanayotosha. Chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi ni "maharazi". Sindano nene, ambayo watu hushonea magunia na magodoro, ni "shazia". Uzi uliopakwa nta ili usioze ni "uzi wa nta". Ukanda mdogo wa kubazi upitao baina ya vidole vya mguu ni "gidamu". Gidamu haiingii katika pikipiki, lakini tumeitaja kwa sababu: fundi anayejua kukaza gidamu isiumize wala isichomoke anaijua tayari nusu ya kazi ya mshikio. Mwalimu akianza na neno analolijua mwanafunzi wake, somo huwa jepesi.

8. Mfano wa maelezo

Istilahi hujaribiwa kwa kutumiwa. Tumeandika maelezo yafuatayo ili msomaji apime kama maneno tuliyoyapendekeza yanachukua mzigo.

(a) Pima mzingo wa mshikio kwa kuuzungushia uzi. Mshikio wenye kipenyo cha milimita 32 una mzingo wa kiasi cha milimita 100. Kata ngozi iliyodabighiwa, yenye unene usiozidi milimita 2, iwe pungufu ya mzingo huo kwa milimita 3 hivi, ili uzi utakapovutwa pindo zikutane na ngozi ikaze.

(b) Urefu wa ngozi uwe mfupi kuliko mshikio wa mwendo. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 upande wa kisanduku cha swichi, na nafasi kama hiyo upande wa ncha ya usukani.

(c) Toboa matundu kwa maharazi kando ya pindo zote mbili. Matundu yatazamane, na idadi yake iwe sawa.

(d) Ikiwa ni ngozi ya magome, ilowanishe kwa maji kwa dakika chache. Paka gundi juu ya mpira wa mshikio pekee. Gundi isifike kwenye bomba wala kwenye kisanduku.

(e) Vika. Pitisha uzi wa nta kwa shazia, kwa mshono wa kukutanisha, ukianzia upande wa ndani kwenda nje. Mshono ukae mbele, upande wa vidole, usikae chini ya kiganja.

(f) Acha ngozi ikauke kivulini kwa siku nzima. Jua kali huipasua.

(g) Mtambo ukiwa umezimwa, zungusha mshikio wa mwendo na kuuachia: mara moja usukani ukiwa umenyooka, mara moja ukiwa umegeuzwa kushoto kabisa, na mara moja ukiwa umegeuzwa kulia kabisa. Kila mara ni lazima urudi wenyewe kwa ghafla. Ukisita hata mara moja, pikipiki isiendeshwe mpaka ngozi itolewe au ipunguzwe.

(h) Shika wenzo wa breki na wenzo wa klachi. Ngozi huongeza unene wa mshikio, na mwenye vidole vifupi huenda asizifikie nyenzo hizo kama zamani. Ikiwa hivyo, zirekebishwe au itumike ngozi nyembamba zaidi.

Msomaji ataona kwamba katika maelezo haya yote hatukulihitaji neno la mkopo isipokuwa yale yaliyokwisha zoeleka, kama vile swichi, gundi, breki na klachi.

9. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Usukani: bomba lote liongozalo pikipiki.
Mshikio: sehemu ya mwisho ya usukani ishikwayo kwa kiganja.
Mshikio tuli: mshikio usiozunguka, wa kushoto.
Mshikio wa mwendo: mshikio unaozungushwa kuongeza au kupunguza mwendo, wa kulia.
Mwanzi wa mwendo: mwanzi uliomo ndani ya mshikio wa mwendo, uuvutao waya.
Ngozi mbichi: ngozi isiyodabighiwa, hata ikiwa kavu.
Ngozi ya magome: ngozi iliyodabighiwa kwa tanini ya miti.
Ngozi ya kromu: ngozi iliyodabighiwa kwa dawa ya kromu.
Kuvika: kukizungusha kitu ngozi ishikamane nacho pasipo kukizuia kisiende.
Kuzungushia: kuvika kwa ukanda, mzunguko baada ya mzunguko.
Kushonea: kuvika kwa kipande kimoja kilichoshonwa mahali pake.
Mshono wa kukutanisha: mshono ambao pindo zake zinagusana bila kupandana.
Ngozi ya mshikio: ngozi iliyovikwa juu ya mshikio na isiyovuliwa.
Maharazi: chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi.

10. Hitimisho

Maneno ya kazi hufuata kazi. Viatu vya plastiki na mitumba vimewapunguzia riziki washona makubazi, na "gidamu" na "maharazi" yamepungua midomoni mwa watu kwa kadiri hiyo hiyo. Majahazi yakipungua, "kana" nayo itabaki katika kamusi. Hatuwezi kuyarudisha maneno hayo kwa kuyahimiza tu. Tunaweza kuyapa kazi mpya pale yanapofaa, kama bahari ilivyoipa barabara neno "usukani", nayo yataishi kwa kuwa yanahitajika.

Kwa hiyo tunawaomba watafsiri, kabla ya kukopa neno kwa ajili ya kazi ya mikono, waende kwa fundi wa kazi iliyo karibu nayo wakamsikilize anavyosema anapomwelekeza mwanafunzi wake. Tunawaomba walimu wa ufundi wazijaribu istilahi hizi darasani na kuona ni ipi inayomkwaza mwanafunzi. Tunawaomba watumishi waandikao matangazo ya usalama wapime kila kitenzi kwa swali moja: msomaji akilifuata neno hili kama lilivyo, mkono wake utafanya nini? Wenye maneno bora kuliko haya, hasa wakazi wa Bagamoyo, Saadani na Pangani, watuletee. Tutayapokea kwa shukrani na kuyachapisha.